Neno la Safari ya Nne

Hema kubwa la bia la Plärrer, tamasha la mji wa Augsburg, lina nafasi ya watu elfu tatu, na Jumapili ile ya mwisho wa Agosti kila nafasi ilikuwa na kalio juu yake, isipokuwa moja. Hiyo moja ndiyo aliyoikimbilia Ulrich Nägele, mhandisi wa roketi, umri wa miaka thelathini na mmoja, akiwa amebeba nusu kuku, bia ya lita nzima na heshima yote ya taaluma yake. Heshima ndiyo iliyoteleza kwanza. Bia ikafuata.

Ilitua juu ya gauni la kienyeji la kijani, lenye mikono ya lesi nyeupe na aproni ya zambarau iliyopigwa pasi na mtu mwenye subira.

"Mungu wangu! Samahani, samahani sana!"

"Usijali," alisema mwenye gauni, akiikamua aproni kwa utulivu wa muuguzi. "Nilikuwa nimeagiza nusu lita tu. Ahsante kwa nyongeza."

Benchi zima likaangua kicheko. Ulrich akaketi, masikio yamemwiva. Alikuwa amevaa suruali ya ngozi ya marehemu babu yake, ambayo ilimtosha kila mahali isipokuwa kiunoni, kwa hiyo mkono mmoja ulishika kuku na wa pili ulishika suruali. Katika hali hiyo ya kusikitisha akainua macho, akamwona vizuri yule msichana: nywele za rangi ya asali zilizosukwa taji, kidoti kimoja juu ya mdomo, macho yanayocheka kabla ya mdomo kupata habari. Kisha akaliona fundo la aproni. Lilikuwa upande wa kulia.

Ulrich alikuwa mtu wa Ulm, lakini hata Ulm wanajua: fundo likiwa kushoto, mwenye aproni yuko huru, likiwa kulia, ana mwenyewe.

"Ana bahati," akasema kwa huzuni.

"Nani?"

"Mwenye fundo."

Msichana akalitazama fundo lake kama mtu anayekutana nalo barabarani. "Hili? Nimelifunga mwenyewe, mwaka wa tatu sasa. Linafukuza walevi."

"Na walio timamu?"

"Walio timamu hawamwagi bia, kaka."

"Naitwa Ulrich."

Akaacha kukamua. "Acha utani."

"Kweli tupu. Ulrich Nägele, wa Ulm."

"Mimi Afra," akasema taratibu. "Afra Zettler, wa hapa hapa."

Mzee mmoja mwishoni mwa benchi, aliyekuwa hapo tangu adhuhuri, akasimama na kikombe chake. "Ulrich na Afra!" akanguruma. "Kanisa limekamilika, jamani! Tunasubiri kengele tu!" Maana hakuna mtoto wa Augsburg asiyelijua kanisa la watakatifu hao wawili, na kuwakuta wenye majina hayo wakiwa hai, benchi moja, wameloa bia ile ile, si jambo la kila Plärrer. Watu wasiowajua wakawapigia makofi.

"Unafanya kazi gani, mtakatifu?" Afra aliuliza makofi yalipotulia.

"Roketi."

"Aa, bila shaka. Kila anayekaa benchi hili huwa rubani."

"Wallahi natengeneza roketi! Zirbel. Hatua ya juu ni yangu, ile inayobaki baada ya nyingine kudondoka. Nimekuwa kituo cha majaribio huko msituni miaka minne, nimehamia mjini wiki mbili zilizopita."

"Zimeruka ngapi?"

"Tatu."

"Zimefika ngapi?"

"Hilo ni swali la polisi."

"Ngapi, Ulrich?"

"Moja. Lakini hiyo moja ilifika vizuri mno!"

Afra akacheka hadi kidoti kikapotea kwenye shavu. "Najua. Kesho naanza kazi kwenu. Mimi ndiye nitakayeshika ubao wa safari."

Kipande cha kuku kikapita njia isiyo yake, na Afra akalazimika kumpiga mgongoni. Walipoinuka kuondoka, Ulrich aliichukua nusu breze, ule mkate wa fundo, iliyobaki kwenye sahani ya Afra, akaifunga kwenye kitambaa cha karatasi kwa uangalifu wa mfamasia.

"Unafanya nini?"

"Kesho asubuhi, na siagi."

"Mswabi wee! Bahili kama Ulm nzima!"

"Wa damu," alijibu kwa fahari.

*

Kwenye ukumbi wa kuingilia wa kampuni ya Zirbel, kati ya mashine ya kahawa na choo cha wageni, kuna ubao wa bati mweupe wenye urefu wa mita mbili. Yaliyopita huandikwa kwa rangi, yajayo kwa chaki. Safari ya kwanza: sekunde thelathini na nane, Imeshindwa. Ya pili: ilipanda, ikaziona nyota, ikarudi bila kuaga, Imeshindwa. Ya tatu: Imefaulu. Chini yake, kwa chaki, ya nne: setilaiti tatu, Juni. Ya tano: Oktoba. Ya sita na ya saba zilikuwa na alama ya kuuliza tu, kama wasichana wawili waliovaa wakapendeza na hawajaombwa kucheza.

Mwenye kampuni, Dokta Hiltrud Aumiller, mwanamke wa miaka sitini na mmoja aliyevaa sweta lile lile la buluu tangu safari ya kwanza, alimkabidhi Afra kopo la rangi na brashi kama askofu anavyokabidhi fimbo.

"Maneno ni mawili tu, Bi Zettler. Mteja mmoja akikosa kufikishiwa mzigo wake, safari imeshindwa. Bwana Rombach wa mauzo aliniomba neno la tatu, 'Imefaulu kwa kiasi.' Nikamwuliza kama mkewe aliwahi kupata mimba kwa kiasi. Na mwenye brashi haambiwi la kuandika. Hata na mimi."

Afra akalichukua jukumu hilo kwa moyo wote. Vumbi la ubao alilifuta kila asubuhi. Wageni walipokuja kusubiri kahawa, aliwasomea kuanzia mstari wa kwanza, bila kuruka zile mbili za aibu. "Hizo ndizo zilizotufundisha ya tatu," alisema, kidevu juu. Ulrich alimsikiliza akiwa nyuma ya mashine ya kahawa, ambako alikuwa na kazi nyingi mno kuliko mhandisi yeyote katika historia ya kampuni ile.

Kufikia Krismasi fundo la kulia lilikuwa la haki. Majira ya baridi yakapita kwenye tramu namba moja, kwenye tambi za viazi vya mama yake Ulrich kule Ulm, na kwenye simu, kila Ulrich alipotumwa kituoni kuzijaribu injini.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Supu ya jana."

"Ya jana ya lini?"

"Ya jana ya… juzi."

"Uli! Unapika mara moja kwa wiki halafu unaogopa chungu kisiishe?"

"Mwenye akiba halali njaa, roho yangu."

"Mwenye akiba analala na harufu. Fungua dirisha."

*

Juni Ulrich alikwenda Norwei, kisiwani, ambako Zirbel hurushwa. Afra alibaki Augsburg mbele ya skrini pamoja na wenzake sabini. Safari ya nne iliondoka saa tano asubuhi, nyeupe, imenyooka kama kauli ya mama, na chumba kizima kikalia bila haya. Hatua ya juu ya Ulrich iliwaka, ikaziacha setilaiti mbili mahali pake hasa. Kisha ikatakiwa iwake mara ya pili, ikipandishe cha tatu, kisetilaiti kisichozidi kiatu cha buti, kilichotengenezwa na wanafunzi wa chuo cha ufundi cha mjini ili kipime joto la maji ya ziwa. Ikawaka. Ikazima sekunde sita kabla ya wakati.

Kisetilaiti kikaachwa chini mno, kikipita kwenye ukingo wa hewa. Kikianza kugusa hewa kule juu, kilichobaki ni kuhesabu siku mpaka kiungue.

"Mbili kati ya tatu!" Ulrich alipaza sauti kwenye simu, upepo wa kisiwani ukimkata maneno. "Afra, mpenzi, tumefikisha mbili! Watu hapa wanacheza mezani!"

"Nimeona. Nimelia mpaka wanja umefika shingoni. Na kile cha wanafunzi?"

"Kile… tutaona. Injini yangu ilifanya kila ilichoambiwa, naapa. Pengine ni kipimo cha tangi. Ubaoni umeshaandika?"

"Bado."

"Unasubiri nini? Rangi imekauka?"

"Pumzika, Uli wangu. Kula kitu cha leo."

Mstari wa nne ukabaki bila neno siku moja, mbili, tano. Ulrich, aliyebaki kisiwani kufungua mitambo, akadhani ni mambo ya karatasi. Siku ya tisa simu iliita, na haikuwa ya Afra. Ilikuwa ya Detlef Rombach wa mauzo, mtu mwenye tai ya hariri na meno mengi.

"Pole, Nägele. Mpenzi wako amekuzika bila hata kukuosha. Wateja kutoka Ufini wanakuja wiki ijayo kwa ajili ya safari ya sita, nimemwomba aandike Imefaulu, nimemwomba kwa adabu, nimemwomba bila adabu. Amechukua brashi mbele ya watu wote. Imeshindwa. Kwa herufi kubwa."

Ulrich alimpigia Afra akiwa amesimama juu ya mwamba, ndege wakimzomea.

"Kweli umeandika?"

"Kweli." Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Na mimi nasikia kwa Rombach! Hukuweza kunipigia kwanza?"

"Ningekupigia nikuombe ruhusa?"

"Ungenipigia kwa sababu ni kazi yangu! Miaka minne yangu, Afra! Mbili zimefika!"

"Na cha tatu kimeungua leo alfajiri. Mwenyewe ni mteja kama wateja wengine."

"Ni wanafunzi!"

"Basi wapigie wao uwaambie kwamba wao hawahesabiwi. Namba ninayo."

"Unajua unachopenda wewe? Unapenda ubao. Mtu ukimweka kando ya ubao, humwoni."

Ndege wakazomea tena.

"Ahsante," Afra alisema taratibu. "Nimekusikia vizuri sana. Huko mawasiliano ni mazuri kuliko nilivyodhani." Akakata.

Hakupiga tena, naye Ulrich hakupiga. Walikuwa watu wawili wenye kiburi cha kutosha kurusha roketi bila mafuta.

*

Uchunguzi ulichukua wiki sita, na Ulrich aliuongoza mwenyewe, akitafuta mkosaji kwa bidii ya mpelelezi. Alimshuku mwuza mafuta. Alikishuku kipimo cha tangi, akakipima mara arobaini, kikawa kimetulia kama mtawa. Alizishuku nyaya, baridi, hata ndege. Mwishoni akabaki na namba moja iliyomkodolea macho kwenye skrini.

Hatua ya juu ikimaliza kazi, lazima ibakize mafuta kidogo ya kujirudisha chini na kuungua, isibaki huko juu kama takataka. Akiba iliyotakiwa ilikuwa kilo kumi na nne. Iliyoandikwa kwenye kompyuta ilikuwa ishirini na nane. Injini ilifika kwenye akiba, ikatii, ikazima, na mafuta ya kukipandisha kisetilaiti yamo tele tumboni. Na aliyeandika ishirini na nane, mwezi Machi, kwa mkono wake, bila kumwambia mtu, kwa kuwa haidhuru kubakiza kidogo, alikuwa Mswabi mmoja wa Ulm asiyemaliza chungu.

Ulrich alikaa mbele ya ile namba hadi chai yake ikafanya utando. Roketi yake ilikuwa imefanya kila ilichoambiwa. Hilo lilikuwa kweli tangu mwanzo, ndiyo maana lilimchoma hivyo.

Akaandika ripoti. Desturi ya wahandisi ni kuandika "thamani isiyo sahihi iliingizwa," kana kwamba iliingia yenyewe usiku kupitia dirishani. Aliandika hivyo, akafuta, akaandika jina lake.

Tarehe saba Agosti alitua, akalala kwa mama yake Ulm, na kesho yake, Ijumaa, akapanda treni ya mapema ya Augsburg. Mpango wake ulikuwa rahisi: anunue maua, awahi kazini saa tatu, ampe Afra ripoti kabla ya Dokta Aumiller, aombe msamaha mbele ya ule ubao, watu wakiwapo. Alivaa shati jeupe na viatu vilivyolia.

Duka la maua limefungwa. La pili limefungwa. Mwoka mikate amefunga, benki imefunga, kinyozi amefunga. Tramu zilipita tupu kama Jumapili. Langoni mwa kampuni kufuli lilimtazama. Akapiga simu ya Afra; ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mara ya nne akawa na uhakika: amehama, kampuni imefilisika, kuna vita, au yote matatu.

"Mama, huko Ulm kuna watu?"

"Wapo, mwanangu, wamejaa. Kwani?"

"Huku wameisha!"

"Umekunywa chai lakini?"

Hapo akapita bibi mfupi mwenye kofia ya majani, amekumbatia sufuria lenye kifuniko kilichofungwa kamba.

"Bibi, samahani. Leo kuna nini?"

Bibi akamkagua kuanzia viatu. "Wewe si wa hapa."

"Nimehamia mwaka jana, katikati ya Agosti."

"Ndiyo maana. Leo ni Sikukuu ya Amani, kijana."

"Mbona Ulm wako kazini?"

"Kwani ni ya Ulm? Si ya Ulm, si ya Munich, si ya Berlin. Ni yetu peke yetu. Hao wengine wacha wapigane." Akamtwika sufuria kabla hajajibu. "Saladi ya viazi. Ukiimwaga, amani imevunjika. Twende."

Ulrich alikumbuka sasa. Wenzake walishamweleza, naye alikuwa amesikiliza jinsi mtu anavyosikiliza habari za shangazi wa mtu mwingine.

*

Uwanja wa mbele ya jumba la jiji ulikuwa meza moja. Yaani meza mia, zimeunganishwa, zimevikwa vitambaa, na jiji zima limeketi pande zote: watawa, wapiga ngoma, akina mama wa Kituruki na bakuli za wali wa majani ya zabibu, mameneja wa benki wasio na tai. Kila mtu huja na chakula chake, na kila mtu hula cha jirani. Bibi akajitafutia pengo, akaketi, akampa Ulrich uma. "Na wewe umeleta nini?"

Ulrich akafungua mkoba. Ripoti, mswaki, na kipande cha jibini la kahawia la Norwei alichobakiza safarini.

"Hicho ni sabuni?"

"Ni jibini, bibi."

"Mh. Kila taifa na msiba wake. Weka hapo."

Ndipo akamwona. Meza ya tatu, gauni la kitani la njano, mabega yamechomwa na jua, anacheka na msichana mwenye miwani ya duara. Simu yake ilikuwa chini ya keki ya plamu, imepakwa sukari. Ulrich akaenda, viatu vikilia. Kicheko cha Afra kikazimika sekunde sita kabla ya wakati.

"Bwana Nägele."

"Nimepiga simu mara nne."

"Leo ni sikukuu. Hatujibu hata adui."

"Soma hii tafadhali. Ukurasa wa mwisho."

Afra akajifuta vidole, akasoma. Akasoma tena. "Umeandika jina lako."

"Ndilo lililofanya kosa."

"Hakuna aliyekulazimisha. Wangeandika 'thamani isiyo sahihi'."

"Kwani kuna ubao wa neno la tatu?" Akamsogelea. "Neno uliloandika lilikuwa langu, Afra. Nilikasirika kwa kuwa uliliona kabla yangu. Na lile nililosema juu ya mwamba, kwamba ukiwa na ubao humwoni mtu…"

"Nalikumbuka."

"Ulikuwa uongo, na ulikuwa uchungu, na nimelala nao wiki sita."

Msichana wa miwani aliweka uma chini. "Wewe ndiye Ulrich wa hatua ya juu? Mimi Jorinde Wachter. Kile kisetilaiti kilikuwa chetu."

Ulrich akatamani meza immeze. "Samahani. Mafuta yalikuwapo. Mimi ndiye niliyeyabania."

"Sawa, hilo tutalisoma. Ila huyu," akamwelekezea Afra kidole, "umemkosea. Siku tisa, kila asubuhi, alikuwa anapanda juu ya paa la chuo na vikombe viwili vya kahawa. 'Mmesikia chochote? Jaribuni tena. Antena ielekezeni magharibi kidogo.' Yule bwana wa tai anampigia aandike Imefaulu, yeye anamwambia subiri. Tukamwambia mapema andika Imeshindwa tu, tumekubali. Akasema hapana, kisetilaiti bado kiko juu, na kuna mtu kisiwani anakitumainia."

Ulrich akamgeukia Afra. "Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa unafoka." Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini kidevu kilikuwa juu kama cha siku zote. "Unadhani niliandika kwa raha? Hiyo herufi ya mwisho imepinda. Nenda kaitazame."

"Na Wafini?"

"Walikuja. Yule mama, Bi Lahtivirta, alisimama mbele ya ubao robo saa bila kugusa kahawa. Akasema ametembelea kampuni nne, na kote roketi hazijawahi kushindwa, zinapata tu 'matokeo ya kujifunza'. Amechukua safari ya sita na ya saba." Akashindwa kujizuia, tabasamu likamtoroka. "Nimefuta zile alama za kuuliza, Uli. Ungeona chaki ilivyoandika."

Alikuwa amesema Uli. Ulrich akaketi bila kukaribishwa.

"Umekula?" Afra aliuliza.

"Bado."

"Kula. Na leo unamaliza sahani yote, nikikuangalia."

*

Safari ya tano ilirushwa Oktoba, Alhamisi, saa sita na dakika nne mchana. Ulrich hakwenda kisiwani. Aliketi Augsburg kwenye chumba cha uongozi, katika kiti cha hatua ya juu, hedifoni kichwani, akiba ikiwa kilo kumi na nne kamili na imeshahakikiwa na watu watatu. Ndani ya Zirbel kulikuwa na kisetilaiti kipya cha wanafunzi, kilichoungwa kwa wiki tisa na watu waliolala chini ya meza. Kampuni ilikipa nafasi bila kujadiliana.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Ikawaka mara ya pili, ikahesabu sekunde zake zote, ya mwisho pia. Kisetilaiti kikaachwa, na akiba ikatumika kuirudisha hatua ya juu chini. Baada ya hapo hakuna binadamu aliyekuwa na la kufanya. Ilibidi kiizunguke dunia, kifike juu ya mji, na Jorinde akiwa juu ya paa la chuo akisikie kwa antena yake. Dakika arobaini na moja. Kikinyamaza, lilikuwa neno lile lile la Juni.

Afra alisimama nyuma ya chumba kwa gauni la sufi jekundu, kopo la rangi miguuni. Ulrich akavua hedifoni, akamwendea.

"Rudi kwenye kiti chako," Afra alinong'ona.

"Kiti hakina kazi. Tangi ni kavu."

"Kavu kama mkono wa Mswabi kwenye harusi."

"Hapo hapo umefika. Nina swali, na nataka kuliuliza sasa, kabla hatujajua."

"Sasa? Subiri hata nusu saa, mwenzangu."

"La. Kikisikika, nitakuuliza nikiwa shujaa, na shujaa ni taabu kumkataa. Kisiposikika, nitakuuliza nikiwa yatima, utanionea huruma. Saa hizi mimi si huyu wala yule. Ni Uli tu mwenye jasho kwapani." Akameza mate. "Nataka nikuoe, Afra. Unanikubali?"

Afra aliitazama skrini kubwa, ambapo nukta ndogo ilikuwa inavuka bahari, haina sauti.

"Na nikitoka hapa nikaandika Imeshindwa? Tena?"

"Nitakushikia kopo."

"Kwa mikono miwili?"

"Kwa mikono miwili. Na nitakupulizia ikauke."

"Basi nakukubali," Afra alisema. "Jasho na yote."

Walikuwa wamenong'ona, lakini chumba kile kilikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu akijikuna, na watu sabini wasio na kazi wana masikio mia na arobaini. Mtu wa mitambo akaruka kutoka kitini, mikono wazi, kinywa wazi.

"Kaa chini, Bwana Eisele!" Dokta Aumiller alibweka kutoka mbele, sweta la buluu likimtetemeka. "Hakuna kupongezana kabla ya ishara!"

Hakuna aliyebisha. Ni watu wasiomtakia mtoto heri ya kuzaliwa hata saa moja kabla ya siku yenyewe, kwa kuogopa kuchokoza nuksi, sembuse setilaiti. Bwana Eisele akaketi juu ya mikono yake. Rombach wa mauzo akatafuna ncha ya tai. Wapishi wa kantini, waliokuja mlangoni baada ya kusikia jambo, walisimama wamefumba midomo kama waliokula ndimu. Dakika ishirini na tisa watu wazima sabini waliibana furaha tumboni, nyuso zimewavimba, wakimtazama Ulrich na Afra, wakiitazama nukta, wakimtazama Ulrich na Afra. Wenyewe walisimama wameshikana kidole kimoja tu, kwa tahadhari.

Nukta ikafika juu ya Alps. Ikafika juu ya mji. Spika ikakoroma.

"Paa hapa," ilisema sauti ya Jorinde, nyembamba, inakatika. "Kinaongea. Jamani, kinaongea! Maji ya ziwa ni nyuzi kumi na tatu!"

Kilichofuata hakikuandikwa kwenye ripoti yoyote. Meza zilipandwa. Dokta Aumiller alimbusu Rombach, jambo ambalo wote wawili walilikana baadaye. Afra alitafuta kopo lake la rangi kati ya miguu ya watu, akicheka na kulia, lakini kila alipoinama mtu mwingine alimwinua na kumkumbatia. Na Ulrich Nägele, mtu wa Ulm, alishikwa mkono na watu sabini, mmoja baada ya mwingine, kisha wakazunguka wakamshika tena, kila mmoja akimpigia kelele sikioni, "Hongera! Hongera sana!" na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kumweleza ni kwa lipi.